Soga Si Upuzi

Waraka ni nusu ya kuonana, walisema wahenga wetu. Waliosema hivyo walikuwa watu waliozoea kuagana na jamaa zao ufuoni, kisha wakakaa miezi kadhaa wakingoja upepo wa kaskazi ugeuke uwe kusi ndipo chombo kirudi. Walijua thamani ya habari. Hata hivyo, ukiupima msemo huo kwa makini utagundua kwamba habari kubwa kubwa, kama vile msiba, arusi au vita, hazikuhitaji waraka. Zilienda zenyewe kwa vinywa vya mabaharia na wapita njia. Yaliyohitaji waraka ni yale mambo madogo ambayo hakuna mpita njia angejisumbua kuyabeba: kwamba mwembe wa uani umeanza kutoa maua, kwamba mtoto ameota jino la kwanza, kwamba paka yule mweusi amezaa ndani ya kapu la nguo. Mambo hayo ndiyo yaliyomfanya msomaji ajihisi yuko nyumbani, na ndiyo yaliyoifanya barua ihesabiwe kuwa nusu ya kuonana.

Ndugu msomaji, nimeanzia huko kwa sababu siku hizi hayaishi malalamiko kuhusu maongezi ya watu kwenye simu zao. Katika vyumba vya walimu, katika mikutano ya wazazi na hata mimbarini, tunaambiwa kwamba vijana wanapoteza wakati kwa porojo. Huyu ametuma picha ya chapati aliyoisukuma, yule ametangaza kwamba mvua imemnyeshea, na wa tatu anawauliza wenzake kama nao wameamka na usingizi. Yana faida gani haya? Mimi ni mwalimu wa isimu, na kazi yangu ni kusikiliza jinsi watu wasemavyo. Naomba basi nafasi ya kulijibu swali hilo, kwa kuwa aghalabu huulizwa kwa dharau ilhali lastahili kujibiwa kwa uzito.

Tuanze na msamiati, maana lugha hutunza hekima ambayo huenda wasemaji wake wameisahau. Kiswahili hakina neno moja tu la mazungumzo yasiyo na ajenda. Kuna soga na gumzo, ambayo ni maongezi ya kupitisha wakati kwa furaha. Kuna porojo, ambayo ni maneno mengi yasiyo na uzito. Kuna umbea, yaani kuchukua habari za mtu na kuzipeleka pasipohusika. Kuna masengenyo, ambayo ni kumsema mtu vibaya naye hayupo. Kuna uzushi, ambao ni kubuni uongo, na mwisho kuna fitina, ambayo nia yake ni kuwagombanisha watu. Maneno haya yamepangika kama vipandio vya ngazi, kutoka kilicho chema hadi kilicho kiovu. Anayeyakusanya yote katika kapu moja na kuyaita upuzi wa simu ameivunja ngazi hiyo, wala hataweza tena kumwonya mwanafunzi dhidi ya fitina bila ya kumkataza pia urafiki.

Zaidi ya hayo, tuna kitenzi kubarizi. Maana yake ni kukaa barazani na kuzungumza. Ukitembea katika mji wa kale wa Lamu, ambao UNESCO iliuorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, utaziona baraza za mawe zilizojengwa mbele ya nyumba, zikitazamana na njia. Mjenzi hakuziweka pale kwa pambo. Alitambua kwamba nyumba isiyo na mahali pa kupokelea maneno madogo madogo ya majirani haijakamilika. Wazee hukaa hapo alasiri, kahawa ikamiminwa katika vikombe vidogo, na maongezi yakaanzia popote na kuishia popote. Na tazama jinsi neno hilo lilivyopanda cheo: leo tuna baraza la chifu, baraza la wazee na Baraza la Mawaziri. Serikali yenyewe inaitwa kwa jina la mahali pa kupigia soga.

Wataalamu wa lugha nao wamelichunguza suala hili kwa muda mrefu. Bronislaw Malinowski, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Poland, alifanya utafiti katika visiwa vya Trobriand, vilivyo sehemu ya Papua Guinea Mpya ya leo, kati ya miaka ya 1915 na 1918. Katika makala aliyoyachapisha mwaka 1923, yakiwa nyongeza ya kitabu cha C. K. Ogden na I. A. Richards, alieleza kwamba mazungumzo mengi ya binadamu hayakusudii kupasha habari wala kueleza fikira nzito. Kusudi lake ni kuwaunganisha wanaozungumza. Watu waketipo pamoja baada ya kazi wakataja hali ya hewa na mambo ambayo kila mmoja anayajua tayari, wanachobadilishana ni ishara kwamba hawana uadui na kwamba kila mmoja anatambua kuwapo kwa mwenzake. Miaka mingi baadaye, Roman Jakobson aliliingiza wazo hilo katika orodha yake ya kazi sita za lugha, katika makala yaliyochapishwa mwaka 1960. Kwa maelezo yake, kuna maneno ambayo kazi yake ni kuifungua njia ya mawasiliano na kuhakikisha kwamba haijazibika.

Wasemaji wa Kiswahili hawakumhitaji Malinowski awafunze jambo hili. Zisikilize salamu zetu. Mtu huulizwa habari za asubuhi, habari za nyumbani, habari za watoto, habari za kazi, na kwa kila swali hujibu kwamba ni njema. Mgeni asiyeielewa desturi hii hudhani kwamba tunadanganyana. Hajui kwamba jibu la njema ni mlango tu. Baada ya salamu kukamilika ndipo mtu husema, kwa sauti ya chini, kwamba habari ni njema ila mtoto hakulala vizuri, au ni njema ila ng'ombe hajaonekana tangu jana. Kijineno hicho ila ndicho kiini cha mazungumzo yote. Lakini hakiwezi kusemwa kabla ya zile habari njema tano au sita kukitangulia, kama vile mtu asivyoweza kuketi sebuleni kabla ya kupiga hodi. Anayezifuta salamu kwa sababu hazina habari ndani yake amefuta pia nafasi ya ila.

Robin Dunbar, mwanasaikolojia wa Uingereza ambaye aliwahi kuwachunguza nyani wa nyanda za juu za Ethiopia, alilitazama jambo hili kwa upande mwingine. Katika kitabu chake cha mwaka 1996 alidai kwamba nyani hushika urafiki wao kwa kuchambuana manyoya, kazi inayochukua muda mrefu na ambayo mmoja hawezi kuwafanyia wengi kwa wakati mmoja. Binadamu, kwa kuwa walikaa katika makundi makubwa zaidi, walipata njia nyingine: wakazungumza. Kwa maneno mtu mmoja anaweza kuwashughulikia marafiki watatu kwa pamoja huku mikono yake ikimenya viazi. Mwaka 1997 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kusikiliza mazungumzo ya kawaida ya watu nchini mwao, wakakuta kwamba takriban thuluthi mbili ya muda wa maongezi ilihusu watu na mahusiano yao. Si lazima tukubaliane na nadharia yake yote kuhusu chimbuko la lugha. Inatosha tukiona kwamba soga, kwa kipimo cha muda, ndiyo kazi kubwa ya lugha, na hotuba na mihadhara ni sehemu ndogo tu.

Huenda msomaji akasema kwamba baraza ni baraza na simu ni simu: watu wa barazani huonana uso kwa uso, ilhali wa simu hawaonani. Hoja hiyo ina nguvu, lakini historia yetu wenyewe inaipinga. Kwa miongo mingi, hapa Kenya, wasikilizaji wa redio walitumia kadi za salamu. Mtu alinunua kadi, akaandika majina ya wale anaowasalimu na ya wale watakaoimaliza salamu, akaituma kwa posta kwa Sauti ya Kenya, na baadaye kwa KBC, kisha akangoja jioni mtangazaji aisome. Ndani ya kadi hizo hamkuwa na habari yoyote. Mlikuwa na majina tu, na majina ya utani, na mahali mtu alipo. Hata hivyo watu walijuana kwa njia hiyo ingawa mmoja alikuwa Busia na mwenzake Voi. Walianzisha vyama vya wapenda salamu, wakatembeleana, wakachangiana katika arusi na matanga. Urafiki wa watu wasioonana hatukuanza kuujua kwa kuletewa mitambo ya kigeni.

Huko ng'ambo nako mambo yalikwenda vivyo hivyo mara tu tarakilishi zilipounganishwa. Mwaka 1985 kulianzishwa huko California jukwaa la mazungumzo ya tarakilishi lililoitwa The WELL. Mmoja wa wanachama wake, mwandishi Howard Rheingold, alichapisha kitabu mwaka 1993 kuhusu maisha ya jukwaa hilo. Humo anasimulia kwamba katika kiangazi cha mwaka 1986 binti yake mdogo alipandwa na kupe kichwani. Mkewe alipokuwa akingoja jibu la simu kutoka kwa daktari, Rheingold aliwaandikia wenzake wa jukwaani, ambao huzungumza usiku na mchana kuhusu malezi ya watoto. Jibu lilikuja baada ya dakika chache, na kupe alikuwa ameshatolewa kabla simu ya daktari haijalia. Miaka miwili baada ya kisa hicho, katika mwezi wa Agosti 1988, Jarkko Oikarinen wa Chuo Kikuu cha Oulu nchini Ufini alibuni programu iliyowawezesha watu wengi kuandikiana papo kwa papo. Watu waliiingia kwa wingi, na wengi wao hawakuwa na jambo maalumu la kusema.

Kwetu sisi, mlango ulifunguka kwa upana mwaka 2009, mikongo ya TEAMS na SEACOM ilipotua pwani ya Mombasa kutoka chini ya bahari. Mwaka uo huo ndio WhatsApp ilipoanzishwa huko Marekani. Leo ni nadra kumpata mwalimu au mwanafunzi wa chuo asiye na kundi la watu waliosoma naye. Nami ninalo. Tuko kumi na mmoja, tuliomaliza shahada ya kwanza pamoja. Kuna walimu wa shule za upili, mmoja ni muuguzi katika jimbo la Minnesota, mwingine anafundisha Kiswahili Ujerumani, na wa tatu ni mhasibu huko Muscat. Hatujadili siasa. Hatutumiani hotuba za kutia moyo. Tumekuwa, pasipo kukubaliana kwa maandishi, watu wa kuelezana siku zilivyokwenda.

Inapofika mwezi wa Julai, mazungumzo yetu huwa na ladha ya pekee. Yule wa Minnesota anatuandikia kwamba jua linatua saa tatu za usiku, na watoto wake wanakataa kulala kwa kuwa kwao bado ni mchana. Yule wa Ujerumani anapanda baiskeli kandokando ya mto. Yule wa Muscat hatoki nje mchana kwa sababu joto limepita digrii 40. Nasi tulioko huku tuko katika kipupwe. Mwenzetu wa Limuru anatuma picha ya ukungu uliomeza mlingoti wa bendera ya shule, na wanafunzi wake wamevaa sweta mbili mbili. Walioko Ulaya na Marekani hukiita kipindi hicho kiangazi, neno ambalo kwetu lina maana ya jua kali na ardhi kukauka, si maua na fukwe. Tumejadili sana kama kweli neno hilo linafaa kutafsiria majira yao. Mwanafunzi wa isimu anayetafuta mfano wa jinsi maana inavyofungwa na mazingira hahitaji kwenda mbali.

Katika kundi hilo hilo ndimo nilimoanza kulitafakari neno uraibu. Vitabu vyetu vya shule hulitumia kwa maana ya jambo ambalo mtu hupenda kulifanya wakati wa mapumziko, na kila mwanafunzi wa Kenya amewahi kuandika kwamba uraibu wake ni kusoma vitabu na kutazama kandanda. Katika matumizi ya zamani ya pwani, uraibu ni kitu kama tambuu au tumbaku, ambacho mtu hukitumia kwa starehe hata kikawa mazoea. Siku hizi wahudumu wa afya nao wanasema uraibu wa dawa za kulevya na uraibu wa kamari. Neno moja, basi, linabeba starehe na utumwa. Sioni kasoro katika hilo. Ni onyo lililomo ndani ya lugha yenyewe kwamba mpaka kati ya burudani na kufungwa nayo ni mwembamba, na kwamba simu inaweza kusimama upande wowote wa mpaka huo.

Mwenzetu mmoja, aliyekuwa akifundisha katika shule ya kibinafsi magharibi mwa nchi, uraibu wake ulikuwa kuwatazama ndege. Kenya ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, na yeye alitaka kuwajua wa kijijini kwake kwa majina. Kila asubuhi alituandikia mstari mmoja kuhusu ndege aliyemwona, akauliza jina lake kwa Kiswahili. Majina mengi yalitushinda. Yule ndege mkubwa wa rangi ya majivu mwenye mdomo mrefu, ambaye hupiga kelele juu ya paa alfajiri, sote tulimjua kwa sauti lakini hakuna aliyemjua kwa jina, mpaka mwenzetu wa Mombasa alipotuambia kwamba anaitwa kwarara. Kwa njia hiyo tulijifunza chozi, shore, mnana na hondohondo. Tulikuwa watu wa shahada za lugha, na msamiati huo tuliupata katika maongezi ambayo wengine wangeyaita porojo.

Mwezi wa Machi mwaka 2020, shule zote nchini zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Madarasa machache yalirejea mwezi wa Oktoba, na waliosalia wakarejea Januari 2021. Walimu walioajiriwa na serikali waliendelea kulipwa. Wengi wa shule za kibinafsi waliambiwa wangoje. Mwenzetu huyo hakutueleza lolote kuhusu mshahara. Aliendelea kutuandikia habari za ndege, na pengine kuuliza majina. Kisha, katika mwezi wa Agosti, mistari yake ilikatika. Siku ya kwanza hakuna aliyetambua. Siku ya pili mmoja aliuliza kwa mzaha kama ndege wote wamehama. Siku ya nne mwenzetu anayekaa mwendo wa saa mbili kutoka kwake alipanda gari akaenda kumtazama.

Alimkuta katika hali mbaya. Mwenye nyumba alikuwa ameng'oa mlango kwa sababu ya kodi ya miezi mitatu. Simu alikuwa ameiuza. Alikuwa akila mara moja kwa siku, na siku nyingine hakula. Alipoulizwa kwa nini hakusema, alijibu kwamba mwalimu hawezi kuomba unga mbele ya watu aliosoma nao. Siku ile ile tulichanga, kila mtu kwa uwezo wake, na fedha zikafika kwa simu kabla ya jua kutua. Mwenzetu aliyekwenda alimchukua akakaa kwake hadi shule zilipofunguliwa. Leo anafundisha, na asubuhi zetu zina ndege tena.

Naomba msomaji azingatie jinsi tulivyojua. Hatukupata ombi la msaada, wala habari yoyote kutoka kwa mtu wa tatu. Tulijua kwa sababu mstari mmoja mdogo, usio na umuhimu wowote, ulikosekana mahali ulipozoewa. Kama angekuwa mtu wa kutuandikia mara moja kwa mwaka kwa heri ya Krismasi, kimya chake kisingetuambia kitu. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilichojazwa na maneno madogo ndicho kilichotuwezesha kuona kwamba leo kimepungua. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, kweli kabisa. Lakini rafiki huyo ataijuaje dhiki yako ikiwa siku za neema hamkuzungumza?

Sisemi kwamba kila kilichomo kwenye simu ni chema. Wakenya wa umri wangu hawajasahau ujumbe wa chuki uliosambazwa kwa simu baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Yaliyofuata yaliifanya nchi iunde Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa mwaka 2008. Maneno yale hayakuwa soga. Yalikuwa uzushi na fitina, na laiti tungewafundisha watoto wetu ile ngazi ya msamiati niliyoitaja, pengine wengi wangetambua mapema kipandio walichokuwa wamekanyaga. Vilevile kuna wale wanaojaza makundi yetu kwa maneno ya kuazima: sala ndefu zisizojulikana mwandishi wake, tiba za miujiza, picha za maua zenye mafumbo. Hayo nayo si soga, maana hayatoki katika siku ya mtu yeyote. Soga huwa na mwenyewe. Chapati ya mwenzangu, hata ikiwa imeungua upande mmoja, ni yake.

Baraza, aidha, lina adabu zake. Anayefika huwasalimu aliowakuta kabla ya kutia neno. Mzee huachiwa nafasi. Siri ya nyumba ya mtu haijadiliwi mbele ya wapita njia. Mwenye msiba akitokea, kicheko hukatwa. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka 2025, kwa miongo mingi aliwauliza Wakenya redioni kama jambo fulani ni ungwana. Swali lake lingali na kazi katika makundi ya simu. Je, ni ungwana kutuma picha ya mgonjwa kitandani bila idhini yake? Je, ni ungwana kutia utani chini ya tangazo la kifo? Vijana hawajafunzwa majibu, kwa sababu sisi tunaopaswa kuwafunza tumeshughulika kulaani chombo chenyewe.

Hapo ndipo suala hili linapoingia darasani. Nimesahihisha insha za wanafunzi wengi, na walimu wenzangu watanishuhudia. Mwanafunzi hukariri vianzio vya fahari kuhusu jua linalochomoza na ndege wanaotumbuiza, kisha akasimulia wizi wa benki ambao hajawahi kuuona au ajali ambayo hakuwapo. Mwombe aeleze alivyopika ugali jana jioni, naye atakwama baada ya sentensi mbili. Barua ya kirafiki nayo tumeigeuza kuwa fomu ya kujaza. Anwani iwe kulia, mwandishi awe buheri wa afya, madhumuni ya waraka yatajwe, na alama hutolewa hata kama barua nzima haina jambo moja ambalo rafiki angependa kulijua. Mtahiniwa hupita. Jioni huenda kwenye simu yake na kuwasimulia marafiki siku yake halisi kwa Kiingereza kilichovunjika au kwa Sheng', kwa kuwa Kiswahili alichofunzwa hakina nafasi ya siku halisi.

Wengi wetu hulaumu tahajia za vijana, ile tabia ya kuandika alama moja badala ya neno zima. Tahajia hurekebishika kwa mwezi mmoja. Hatari kubwa zaidi ni lugha kubaki ya mitihani, mahubiri na taarifa za habari, huku maisha ya jikoni, ya shambani na ya chumbani yakihamia kwingine. Lugha isiyotumika kusema kwamba maziwa yamemwagika haitadumu kwa nguvu za kamusi.

Waandishi wetu wakuu hawakuona haya kuandika mambo madogo. Barua ambazo Shaaban Robert alimwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kati ya mwaka 1931 na 1958 zilichapishwa Dar es Salaam mwaka 2002. Humo hatumkuti mshairi mashuhuri peke yake, bali mtu wa familia na mtumishi wa ofisi mwenye shughuli zake za kila siku. Barua za Kiswahili za kale zaidi zinazojulikana kuhifadhiwa ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu, na zimetunzwa huko Goa, India. Kwa zaidi ya miaka 300, basi, watu wa lugha hii wamekuwa wakiandikiana. Mwanafunzi anayemwandikia mwenzake leo kwa kidole gumba ni mrithi wao, ajue asijue.

Kwa walimu nina mapendekezo matatu. Kwanza, angalau mara moja kwa muhula, mwanafunzi aandike barua ya kirafiki ya kweli, kwa rafiki wa kweli, na asahihishwe kwa kigezo kimoja kikuu: je, msomaji ameiona siku ya mwandishi? Pili, tunapofunza sajili katika isimujamii, tuyachukue mazungumzo ya simu ya wanafunzi wenyewe, kwa idhini yao, tuyachambue kama tunavyoichambua sajili ya hospitali au ya mahakama. Watajifunza wenyewe mahali soga inapogeuka umbea. Tatu, kila mwanafunzi achague uraibu mmoja, uwe ushonaji, ufugaji wa sungura au ukarabati wa redio, akusanye maneno yake ya Kiswahili kutoka kwa wanaoufanya, ayalete darasani. Nina hakika walimu wengi watajikuta wakiandika maneno mapya katika madaftari yao.

Kwa wanafunzi nina neno moja. Usione aibu kumwandikia rafiki yako kwamba leo umeona ndege usiyemjua jina. Mwandikie kwa Kiswahili, na umweleze ndege huyo vizuri: rangi yake, mdomo wake, mti aliotua. Ukiona kwamba amekaa siku nne bila kukujibu, weka simu chini uende ukamtazame.